Dawa Imekwisha: Jinsi ya Kuandika Ripoti ya Kazi ya Kila Siku

Makala haya yametokana na sentensi ya maneno matano ambayo niliiandika mwenyewe, jioni moja, nikiwa na haraka ya kurudi nyumbani: "Dawa kituo cha tatu imekwisha." Kisarufi haina kosa. Mwalimu yeyote wa kitivo chetu angeipitisha. Hata hivyo, kesho yake asubuhi akina mama wa mtaa mmoja wa Bukavu walibeba maji ya ziwa yasiyo na dawa kwa muda wa saa tatu na nusu, kwa sababu ya sentensi hiyo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Wakati wa likizo ndefu, kabla ya kuanza mwaka wa mwisho, niliingia katika timu ya watu tisa iliyokuwa ikitia klorini katika maji yanayotekwa Ziwa Kivu. Kipindupindu si mgeni katika miji ya kandokando ya maziwa yetu, kuanzia Goma na Bukavu hadi Uvira na Kalemie, na pale ambapo bomba halifiki au linakauka, watu hushuka ziwani na bidoni zao. Tulikuwa na vituo vitatu. Asubuhi unachanganya unga wa klorini, gramu 15 kwa kila lita ya maji, upate maji ya dawa yenye nguvu ya asilimia 1. Kisha kwa bomba la sindano unatia kipimo kidogo katika kila bidoni ya lita 20. Kituoni kwetu ilikuwa mililita 4. Anayeteka anaombwa angoje nusu saa kabla ya kuyanywa. Mara kadhaa kwa siku, nusu saa hiyo ikipita, unachukua maji kidogo ya bidoni, unatia kidonge, na rangi ya waridi inayojitokeza inakuonyesha klorini iliyobaki. Ikiwa chini ya miligramu 0,2 kwa lita, maji hayajalindwa. Na maji ya dawa hayawekwi akiba siku nyingi, kwani joto na mwanga huyapunguza nguvu. Kila siku ni lazima unga upya.

Jioni, mtu mmoja wa kila kituo aliandika ripoti katika kikundi cha WhatsApp cha timu, naye msimamizi wetu, mama mmoja mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, aliisoma na kupanga siku inayofuata: nani aende wapi, unga kiasi gani utoke stoo. Hii ndiyo ripoti yangu ya jioni ile, neno kwa neno:

"Habari za jioni Mama shefu na timu yote. Natumaini wote mu wazima. Leo kazi imeenda vizuri kwa neema ya Mungu. Akina mama walikuja wengi sana. Maji yalipimwa na hali ni nzuri. Kulikuwa na shida kidogo ya kile kipimo lakini tunajipanga. Dawa kituo cha tatu imekwisha. Kesho tutaendelea saa kumi na mbili kama kawaida. R.A.S. Usiku mwema."

Nilitaka kusema kwamba unga wa klorini ulikuwa umetuishia na kwamba tulihitaji mwingine. Mama shefu alielewa kwamba kazi ya kutia dawa ilikuwa imefika mwisho kwa siku ile. Alikuwa na haki ya kuelewa hivyo: sentensi inayofuata inasema kesho tutaendelea, na ile R.A.S. inathibitisha kwamba hakuna shida. Asubuhi tulifungua kituo tukiwa na bomba la sindano na ndoo tupu. Unga ulifika saa tatu na nusu. Hizo ndizo saa ambazo watu huteka kwa wingi. Wengine tuliwaomba wachemshe. Wengi walitutazama tu wakaondoka, kwani makaa hununuliwa. Bidoni za asubuhi ile hazimo katika daftari lolote.

Aliponipigia simu hakufoka. Alisema: "Mwanangu, uliandika imekwisha, nami nikajua mmekwisha kufunga." Nikajibu: "Mama, nilimaanisha imetuishia." Naye: "Basi ungeandika hivyo."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mihadhara mingi ya mofolojia niliyohudhuria. Kitenzi -isha kinasema tu kwamba jambo limefika ukingoni. Hakisemi ni akiba iliyofika ukingoni au ni tendo. Na nomino "dawa", katika mazungumzo ya timu, ilikuwa na maana zote mbili: unga wenyewe, na kazi ya kuutia. Weka maneno hayo mawili pamoja, unapata sentensi yenye sura mbili. Lakini ukiongeza kiambishi cha kutendea, "imetuishia", wale waliopungukiwa wanaingia ndani ya sentensi, na sura ya pili inafifia. Au chukua "tumemaliza kutia dawa": hapo kuna mtenda, kuna tendo, hakuna wa kukosea. Kiswahili kilikuwa na vifaa vyote. Mimi ndiye niliyekiacha kisanduku kimefungwa.

Nilitaka kujua kama kosa la aina hii ni la wanafunzi wenye haraka peke yao. Si hivyo. Mfano unaosomwa sana na watu wa usalama kazini ni ule wa Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Tarehe 6 Julai 1988 mafundi wa zamu ya mchana walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja kati ya mbili, na mahali pake wakafunika kwa bamba la chuma. Karatasi za kazi hiyo zilikuwepo. Lakini habari ya vali haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili iliposimama, waliiwasha ile ya kwanza wakidhani iko salama. Gesi ikavuja, ikalipuka, na watu 167 wakapoteza maisha. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, uliotolewa mwaka 1990, ulitumia kurasa nyingi kuchambua jinsi habari zilivyopitishwa, au zilivyokosa kupitishwa, kutoka zamu hadi zamu. Silinganishi kituo chetu na jukwaa lile. Ninachotazama ni umbo la kosa: aliyekuwepo anajua, anayekuja hajui, na kilicho kati yao ni maandishi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua unamwandikia nani. Wengi wetu tunaandika ripoti ili kuonyesha kwamba tulifanya kazi. Ndiyo maana ripoti zetu zimejaa "vizuri", "kwa bidii", "wengi sana". Ukimfikiria mtu ambaye hakuwepo na ambaye kesho asubuhi atalazimika kufanya jambo fulani, maneno hayo yanaanguka yenyewe, kwa sababu hayamsaidii kitu. "Akina mama walikuja wengi sana" haimwambii wa stoo atoe gramu ngapi. "Bidoni 386" inamwambia: mililita 4 mara 386 ni lita moja na nusu hivi, basi lita 2 za maji ya dawa, basi gramu 30 za unga.

Jambo la pili ni nyakati za vitenzi, na hapa naomba wanaisimu wanisamehe nikikaa kidogo. Tazama "hatukupima" na "hatujapima". Ya kwanza inasema nafasi ilipita: mama yule ameondoka na bidoni yake, hatutampata tena. Ya pili inasema kazi bado inadaiwa: maji yako hapa, anayekuja ayapime. Kwa anayepokea zamu, tofauti kati ya -ku- na -ja- ni tofauti kati ya kusikitika na kuinuka. Vivyo hivyo "kipimo kilivunjika" na "kipimo kimevunjika". Cha kwanza huenda kimeshatengenezwa. Cha pili, mpaka ninapoandika, hakifai. Mtaani kwetu mara nyingi neno "bado" ndilo linalobeba mzigo huu peke yake, nasi tunaelewana kwa sababu tunatazamana usoni. Katika ripoti hakuna uso. "Bado" ya jioni, ikisomwa asubuhi, haina mwenyewe: nini bado, tangu lini?

Sasa kuhusu kile kipimo. Nililiandika jambo hilo kwa namna ambayo leo inanitia aibu kuliko sentensi ya dawa. Ukweli ni kwamba mwenzangu mmoja alikikanyaga mnamo saa nane mchana, kikapasuka. Tangu hapo hadi jioni hatukupima bidoni hata moja. Basi "maji yalipimwa na hali ni nzuri" ilikuwa kweli kwa asubuhi na uongo kwa alasiri, nami niliiacha katika kauli ya kutendwa ili asiulizwe mtu. Na "shida kidogo" ilikuwa pazia la kumsitiri mwenzangu. Katika malezi yetu, kidogo ni neno la adabu: mtu anaumwa sana, anasema anaumwa kidogo. Mama shefu alisoma "shida kidogo" akaona kidogo.

Je, nilipaswa kuandika jina la aliyekanyaga? Katika timu tulibishana juu ya hili jioni nzima. Maoni yangu ni kwamba hapana. "Kipimo kimevunjika" inatosha, na kauli hii ya kutendeka, inayomweka mtenda pembeni, ina heshima yake. Kifaa kimevunjika, kesho kinahitajika kingine, aliyekivunja habadilishi hesabu hiyo, na timu ikizoea kuona majina ya wakosaji kila jioni, baada ya wiki moja vifaa havitavunjika tena, yaani havitavunjika katika ripoti. Lakini penye kupima, kuchanganya, kuhesabu, huko nataka jina, au angalau nafsi iliyo wazi. "Nilipima mimi, mara 3." Si kwa ajili ya kumshtaki mtu. Asubuhi mtu akiwa na swali awe na wa kumuuliza. Hata "tu-" ya unyenyekevu, "tulipima", inaficha: tulikuwa wanne, na anayeulizwa anamwelekeza mwingine.

Saa zilitupa taabu ya aina yake. Kwa hesabu ya Kiswahili saa nane ya mchana ni ile ambayo Kifaransa huihesabu kuwa ya kumi na nne. Mwenzetu wa stoo, aliyesoma na kufanya kazi zake zote kwa Kifaransa, aliona "saa nane" katika ripoti, akaleta vifaa saa mbili asubuhi, kwa sababu kwake nane ni nane. Hakukuwa na mtu wa kuvipokea, akarudi navyo. Tulikata shauri kwamba mdomoni tuseme tunavyosema, lakini katika ripoti tuandike 08:00 au 14:00. Kama mwanafunzi wa Kiswahili sikuipenda hukumu hiyo. Niliikubali. Na "jana" na "kesho" tukazibadilisha kwa tarehe, baada ya mwenzetu mmoja anayefikiri kwa Kilingala kutukumbusha, huku akicheka, kwamba kwake "lobi" ni jana na pia ni kesho, na kwamba kitenzi ndicho kinachoamua.

"Kile", "pale", "yule": maneno haya huonyesha kidole, na kidole hakisafiri na maandishi. Andika jina la kitu.

Kuhusu R.A.S. nitakuwa mkali. Herufi hizi tatu za Kifaransa, zenye maana ya kwamba hakuna la kuripoti, zimeenea katika ofisi zetu, katika zamu za walinzi, za wauguzi, za madereva. Zinapendeza kwa ufupi. Tatizo ni kwamba hazisemi uliangalia nini kabla ya kuona kwamba hakuna la kuripoti. Mimi niliziandika chini ya ripoti yenye kipimo kilichovunjika na klorini iliyokwisha, kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema amina. Timu yetu ilizipiga marufuku. Asiye na la kuripoti aandike alichokiangalia: "Unga umebaki gramu 90. Kipimo kinafanya kazi. Bidoni zilizopimwa zote ziko juu ya 0,2." Maneno kumi na mawili tu na tarakimu mbili, lakini mtu anaweza kulala juu yake.

Halafu kuna mpangilio. Katika mila zetu habari nzito haitangulii. Unasalimu, unaulizia nyumbani, unazunguka, kisha unafikia lililokuleta. Na habari ya msiba hasa haitupwi mlangoni. Ripoti yangu ilifuata adabu hiyo: dawa ilitajwa mahali pa saba. Ripoti ya kazi inahitaji kinyume chake, lile linalohitaji mkono wa mtu litangulie. Tulijaribu hata kuondoa salamu kabisa. Haikudumu siku tatu. Akina mama wakubwa katika timu waliona kwamba vijana wanawaamuru, na walikuwa sahihi. Salamu zikarudi, mstari mmoja, kisha jambo.

Hivi ndivyo ripoti ile ingekuwa kama ningeijua kazi yangu:

"Habari za jioni Mama shefu na wote. Kituo cha 3, leo. (1) Unga wa klorini umetuishia, umebaki gramu 0. Tunahitaji gramu 30 kituoni kesho kabla ya 06:00, la sivyo hatutaweza kutia dawa. (2) Kipimo kimevunjika tangu 14:00. Asubuhi nilipima bidoni 3: 0,5, 0,5 na 0,4. Alasiri hatukupima hata moja. Tunaomba kipimo kingine. Bidoni zilizotiwa dawa: 386, mililita 4 kila moja. Maji ya dawa yaliyobaki yamemwagwa. Kesho ninafungua mimi. Nani analeta unga?"

Swali la mwisho nililiweka kwa makusudi. Ripoti inayoishia kwa "usiku mwema" haidai jibu. Inayoishia kwa swali inaonyesha, isipojibiwa, kwamba haijasomwa. Mama shefu alilipenda jambo hilo akaliendeleza kwa njia yake: kila jioni mtu wa kituo cha kwanza alisoma ripoti ya kituo cha tatu na kuandika kwa mstari mmoja angefanya nini kesho asubuhi kama angetumwa huko. Siku za kwanza majibu yalichekesha. Kuna aliyejibu kwamba angeleta mwavuli, kwa sababu ripoti ilizungumza zaidi juu ya mvua. Ni jaribio rahisi, halihitaji karatasi wala semina, nami nalipendekeza kwa yeyote anayekwenda kufanya staji: kabla ya kutuma, mpe ripoti yako mtu ambaye hakuwepo, umuulize kesho atafanya nini.

Baadaye tulikosea upande wa pili pia. Kwa kuogopa kusahau, baadhi yetu tulianza kuandika kurasa mbili: ugomvi wa foleni, mbuzi aliyeangusha ndoo, maoni juu ya serikali. Ripoti ndefu haisomwi mpaka mwisho, na lile jambo moja linazama humo humo. Yasiyohitaji mkono wa mtu tuliyahifadhi katika daftari la kituo. Mbuzi yumo humo.

Lipo jambo moja ambalo timu haikulimaliza, nalo ni letu sisi wa kitivo. Kila Ijumaa ripoti zetu zilifasiriwa kwa Kifaransa ili zipelekwe ofisi kuu. Niliomba kuona nakala. "Hatukupima" na "hatujapima" zilitoka kwa sentensi moja ileile ya Kifaransa, ile isiyo na neno la kuonyesha kwamba kazi bado inadaiwa. "Imetuishia" ikawa "imekwisha" tena. Mfasiri hakuwa mzembe. Alikuwa na ripoti zaidi ya kumi na tano mezani na saa moja ya kuzimaliza, na kiambishi cha silabi moja hakipigi kelele. Hiyo ndiyo mada niliyoichagua kwa kazi yangu ya kumaliza masomo: hatima ya -ja- na ya kauli ya kutendea katika ripoti za kazi zinazofasiriwa kwa Kifaransa. Nina ripoti za timu yetu, kwa ruhusa yao na baada ya kuyafuta majina. Nahitaji za kazi nyingine: daftari la zamu la wauguzi, la walinzi, la shule, la bandarini. Mwenye nazo, au anayemjua mwenye nazo, aniachie ujumbe kwenye sekretarieti ya kitivo.